Bajaji ya Kumpendeza Shangazi

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia sabuni kabla hujalisoma, pole. Nitakupitisha haraka.

Mimi ndiye yule kinyozi, Wembe. Mjomba wangu alinipelekea posa kwa akina Kipini, ikapokelewa, nikaitwa nikajitambulishe. Nikaenda. Nikakaribishwa kiti, nikakaa, kiti kikavunjika. Nikaanguka chali mbele ya wazee, soli za viatu zikiwatazama usoni.

Baba mtu akasema posa haijakataliwa, ila neno la mwisho analo dada yake, maana ndiye aliyemlea binti. Huyo dada ndiye Shangazi.

Shangazi ni mwalimu mkuu mstaafu. Yeye kastaafu, ualimu umegoma. Ukimsalimia anakusahihisha. Alinitazama pale chini kwenye vipande vya kiti, akasema:

"Mwanaume hajulikani sebuleni. Anajulikana safarini. Tutakwenda kisiwani, mimi, wewe na binti yangu, na wewe ndiye utakayetutembeza. Tukirudi nitatoa jibu. Likiwa hapana, usinitumie mjomba wala babu."

Na Kipini ndiye huyo mwenyewe ninayemtaka. Anauza mapazia, puani ana kipini, mdomoni hana breki. Nampenda mpaka najichekea peke yangu huku mteja kanyoosha shingo. Nikimkosa huyu, basi tena, nitabaki kunyoa ndevu za waume za watu mpaka nizeeke.

Hapo ndipo tulipoachana. Haya, sogea tuendelee.

Tuliteremka kwenye boti asubuhi. Mimi nimebeba mabegi yote, Shangazi kabeba mwavuli, Kipini kabeba kicheko.

"Gari liko wapi?" Shangazi akauliza.

"Shangazi, kisiwa hakizungukwi kwa gari. Kisiwa kinazungukwa kwa bajaji. Iko wazi huku na huku, upepo unapita, unaona kila kitu."

Ukweli ni kwamba gari sijui kuendesha. Bajaji nayo sikuijua sana, ila niliwahi kuendesha ya rafiki yangu kutoka saluni mpaka kituo cha mafuta, na hakuna aliyekufa.

Mwenye bajaji tulimkuta uani kwake, nyuma ya banda la kuchomelea vyuma, kalala kwenye kiti cha nyuma cha hiyo bajaji yenyewe, miguu nje. Watu wa pale walimwita Usijali. Nilielewa kwa nini kabla hajamaliza kupiga miayo.

"Mzee, mbona turubai limechanika?"

"Usijali. Hewa."

"Na kioo cha pembeni?"

"Usijali. Ya nyuma yameshapita."

Kipini akacheka. Shangazi hakucheka. Alikuwa amesimama na mwavuli wake akinitazama mimi, si bajaji, na nikajua mtihani umeshaanza.

"Sasa sikiliza, bosi," Usijali akasema, akishika usukani. "Gia mkono wa kushoto. Breki ya mguu hii hapa. Ukisimama mlimani, usitegemee..."

"Nimeelewa, mzee."

"Sijamaliza. Bajaji hii siikodishi tupu. Ina kazi zake. Anayeichukua, anaichukua na kazi zake, ndiyo maana nakufanyia bei ya huruma. Ukifika kule juu watu wata..."

"Nimeelewa, nimeelewa," nikasema, nikijikuna kidevu kama mtu aliyezaliwa ndani ya bajaji.

"Kazi gani?" Kipini akauliza.

"Mpenzi, hebu ngoja. Haya mambo tuachie sisi wanaume."

Kicheko chake kikakatika. Mimi sikukiona kikikatika. Nilikuwa namtazama Shangazi nione kama ameusikia uanaume wangu.

Aliusikia. Akatikisa kichwa polepole, kile cha kukubali. Nikatamani kuruka.

Tukapanda. Shangazi akachukua kiti cha nyuma karibu chote, kwa heshima ya umri na ya umbo. Kipini akabanwa pembeni na mabegi mapajani. Nikawasha, bajaji ikakohoa, ikaruka kama imechomwa sindano, tukatoka uani mkuku mkuku.

"Wembe, nipe niendeshe na mimi kidogo," Kipini akanipigia kelele sikioni tulipofika kwenye lami. "Nimetamani hii kitu tangu utotoni."

"Shangazi atasemaje? Mimi niwe abiria?"

Barabara ilikuwa nzuri, bahari mkono mmoja, minazi mkono mwingine, na mimi nikaanza kupiga mluzi. Ukiona mtu wa mikosi anapiga mluzi, kaa mbali naye.

Tukapanda mlima. Juu kabisa Shangazi akagonga bomba la paa kwa mwavuli.

"Simama hapa. Nataka picha na bahari nyuma."

Nikasimama. Shangazi akateremka, mimi nikateremka na simu, Kipini akabaki ndani na mabegi. Shangazi akakaa mkao wa picha za ofisini, kidevu juu, mikono mbele.

Upepo ukaja ukamvua wigi.

Sikiliza, mimi ni kinyozi, vichwa nimeviona vya kila namna. Lakini kichwa cha mwalimu mkuu mstaafu hakitakiwi kuonekana na kijana anayeposa kwao. Alishika utosi kwa mikono yote miwili, akatoa sauti ndogo ambayo sikudhani anayo. Wigi likabingirika kuelekea ukingoni.

Wakati huohuo nikamsikia Kipini: "Wembe! Inarudi nyuma!"

Nikageuka. Bajaji ilikuwa inateremka mlima kinyumenyume, taratibu kwanza, na Kipini ndani.

Msomaji, nitakwambia kama ilivyokuwa. Mguu mmoja ulitaka kwenda kwenye bajaji na mwingine kwenye wigi. Nikaenda kwenye wigi.

Nililidaka ukingoni kabisa, tumbo juu ya mawe. Nilipoinuka, Kipini alikuwa ameruka kutoka nyuma akaangukia kiti cha dereva na kukanyaga breki kwa miguu yote miwili. Bajaji ilikuwa imesimama tako kwenye rundo la kokoto.

Nikampelekea Shangazi wigi kwa mikono miwili, macho chini, kwa adabu zote. Akalivaa, likakaa upande.

"Umenisitiri," akasema, na sauti ilikuwa imelegea. "Mwanaume anayejua kumsitiri mwanamke. Hilo nimeliona, Wembe."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita kwa jina. Nikateremka mlima nikielea.

Kipini alikuwa bado ameshika usukani. Goti lilikuwa limechubuka.

"Wembe."

"Naam, mpenzi. Umesikia alivyosema?"

"Nilikuwa ndani ya bajaji."

"Nilikuona. Lakini wewe una akili, nilijua utakanyaga breki."

"Na wigi halina akili, ndiyo maana ukalikimbilia."

"Enhe, umeona sasa!" nikasema. Nilifikiri ananisaidia.

Akahama kimya kimya, akarudi nyuma na mabegi yake. Mimi nikachukua usukani. Wallahi sikumuuliza goti.

Baada ya kona mbili tatu, jamaa mmoja akasimama katikati ya barabara, mkono juu.

"Mbona leo mmechelewa hivi? Mnataka iyeyuke?"

Kabla sijajibu, amepakia bonge la barafu limefungwa gunia, kaliweka miguuni pa Kipini. "Dukani pale mbele, penye benchi. Mama anasubiri." Akaondoka zake bila hata kuaga.

Ndipo nikaanza kuelewa zile kazi Usijali alizokuwa akizisema.

"Hii nini?" Shangazi akauliza.

Sasa hapo ningesema nini? Kwamba sikumsikiliza mzee wa watu?

"Msaada, Shangazi. Mimi nikiwa safarini napenda kuwabebea watu mizigo."

"Vizuri sana. Mwenye huruma kwa wageni hashindwi huruma kwa mkewe."

"Maji yananiingia viatuni," Kipini akasema.

"Vumilia kidogo, mpenzi, ni hapo tu."

Tukafika dukani. Mama mwenye duka akapokea barafu lake, akanilaumu kwa kuchelewa, nikaomba radhi kama mwajiriwa. Nilikuwa nageuka kuondoka alipotokea mama mwingine, mnene, mkoba begani, koti jeupe juu ya gauni, akaingia kwenye bajaji akakaa pale alipokuwa amekaa Kipini.

"Haya kijana, washa. Mimi ni mkunga. Mzazi yuko nyumba ile ya bati jipya, uchungu umekaza, tunampeleka zahanati. Usijali mwenyewe yuko wapi? Aliniahidi bajaji tangu juzi."

"Mama, sisi ni watalii."

"Mtoto hajui utalii. Washa!"

Kiti cha nyuma kinabeba watatu. Mkunga mmoja, mzazi wa pili, ikabaki nafasi moja. Shangazi hakuwa ameteremka tangu mlimani. Kipini alikuwa amesimama kando ya benchi akikamua pindo la gauni.

"Shangazi akae hapa kivulini apumzike," Kipini akasema haraka. "Mimi nije. Huyo mama atahitaji mtu wa kumshika, na wewe utahitaji mtu wa kukuonyesha njia."

Lilikuwa wazo zuri. Hata mkunga alitikisa kichwa kukubali. Shangazi mwenyewe alishaanza kusogeza mwavuli ateremke.

Mimi nikaruka: "Hapana, hapana! Shangazi hawezi kuachwa njiani kama mzigo!"

Kipini akanitazama.

"Ila mimi naweza," akasema.

"Mpenzi, ni dharura. Nakuja sasa hivi. Kaa hapo, agiza soda."

Akakaa kwenye benchi, mikono mapajani. Nikawasha nikaondoka, na kwenye ile pembe ambapo kioo kingekuwepo sikuweza kumwona.

Sitakuchosha na njia ya zahanati. Mzazi alipiga kelele, mkunga akapiga kelele, Shangazi akapiga kelele zaidi yao wote, mimi nikapiga honi. Kila tuta nililolipita nilitukanwa, na matusi ya mwanamke mwenye uchungu hayana dini. Mume wa yule mama alikuwa anakimbia nyuma yetu na kanga mkononi, anatupungia, sijui anatuaga au anatulaani.

Tukaingia getini. Wakamwingiza ndani, Shangazi naye kaingia, maana mzazi alikuwa amemng'ang'ania mkono na hakuna aliyeweza kumbandua. Mimi nikabaki nje na yule mume, tukiwa tumekaa chini kama wezi waliokamatwa.

Kikasikika kilio. Chembamba, cha hasira.

"Wa kike!" mkunga akapaza sauti dirishani.

Mume akanikumbatia, akalia, akaniuliza jina langu ampe mtoto. Nikamwambia. Akafikiri kidogo, akasema labda atamwita jina la mama yake.

Shangazi akatoka. Wigi alikuwa amelishika mkononi, hana habari nalo. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka shingoni.

"Mimi sikujaliwa kuzaa," akasema. "Nimelea wa kaka yangu, nimefundisha wa watu, lakini sijawahi kuona mtu akija duniani. Leo nimeona, na wewe ndiye uliyenileta."

"Ah, Shangazi, kawaida tu."

"Si kawaida. Mkaidi wewe, dereva mbovu wewe, lakini una moyo. Nimekubali. Tukirudi namwambia kaka yangu binti apewe Wembe, na mahari isiwe ya kumnyonga mtu."

Nililia na mimi. Nisikudanganye, nililia kamasi. Nilipiga magoti kwenye kokoto za zahanati nikamshika miguu, akaniinua kwa sikio akasema nisichafue suruali. Tulirudi njia nzima tukiimba wimbo wa shule yake, yeye beti, mimi kiitikio, ingawa maneno siyajui.

Kipini alikuwa palepale kwenye benchi. Gauni lilikuwa limekauka, likaacha alama ya maji mpaka magotini. Mama mwenye duka alikuwa amemletea bandeji ya goti. Mgeni asiyemjua kabisa.

"Mpenzi! Mpenzi!" nikaanza kabla sijazima injini. "Shangazi amekubali!"

"Nimekubali, mwanangu," Shangazi akasema, akiteremka kwa madaha. "Nilikuwa na mashaka, lakini nimempima. Umepata mume."

Kipini akainuka. Akamshika Shangazi mkono akaubusu, kama walivyozoeana.

"Ahsante, Shangazi. Nashukuru kwa kunihangaikia." Kisha akanigeukia mimi. "Mimi je?"

"Wewe je nini?"

"Mimi nimekubali lini?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani wake ule wa siku zote. Shangazi hakucheka. Mama mwenye duka akaanza kupanga sabuni zilizokuwa zimeshapangwa.

"Kipini, posa si ilipokelewa? Mjomba si alikuja kwenu?"

"Alikuja. Baba akaulizwa. Baba akasema aulizwe Shangazi. Shangazi akasema iulizwe safari. Leo mmeiuliza safari, imejibu. Na mjomba wako kweli aliniuliza kitu kimoja."

"Enhe! Si unaona! Alikuuliza nini?"

"Saizi ya kidole."

Nikaanza kupekua kichwa changu chote. Siku ile tulipokutana dukani kwake nikitafuta pazia la saluni. Siku ile ya mvua. Siku ile niliyomwambia nampenda, akaniambia na yeye. Nilitafuta kila mahali siku niliyomwambia, Kipini, utanikubali niwe mume wako? Sikuipata. Nilimwambia mjomba, nikawaambia wateja, nikawaambia ninyi wasomaji tangu wiki ya kwanza. Yeye alikuwa ananisoma gazetini kama nyie.

"Leo asubuhi ulimsikiliza Shangazi, hukumsikiliza mwenye bajaji, mimi ukaniambia mambo ya wanaume," akasema. Hakuwa anapiga kelele. Afadhali angepiga. "Ukaokoa wigi. Ukaniacha njiani. Kila kitu leo umemfanyia Shangazi, na kweli umefaulu, hongera. Basi muoe yeye."

"Astaghfirullah!" Shangazi akasema.

"Mpenzi, mimi nilikuwa natafuta kibali chake ili nikupate wewe!"

"Kwani mimi niko kwake? Nimewekwa kabatini?"

Akanyoosha mkono. Nilimpa ufunguo bila kujua kwa nini. Akashusha begi langu, akashusha la Shangazi, akayaweka kwenye benchi vizuri, akapanda kiti cha dereva.

"Kipini, unakwenda wapi?"

"Sijui bado. Nikifika nitaamua."

Akawasha mara moja tu. Mimi siku nzima ilikuwa inanikohoa. Akaingiza gia, akatoka taratibu, akaingia barabarani hata hakuyumba.

Nikabaki nimesimama, vumbi mdomoni. Shangazi akakaa kwenye benchi pale pale alipokuwa amekaa binti yake, akakiona kile kibandiko cha bandeji chini, akakiokota. Alikitazama muda mrefu.

"Wembe. Niambie kweli. Hukuwahi kumuuliza hata mara moja?"

"Hapana, Shangazi."

"Na mimi niliyemlea?" akasema, na safari hii hakuwa anaongea na mimi. "Na mimi sikumuuliza."

Kule mbele barabara inagawanyika. Mkono mmoja unarudi kwenye boti, na boti ya alasiri ilikuwa imeshaanza kupiga honi. Mwingine unaendelea kuzunguka kisiwa. Bajaji ilikuwa imesimama pale katikati, injini inanguruma. Kipini hakugeuka nyuma, lakini hakuondoka pia.

Shangazi akanichoma ubavuni na mwavuli.

"Mjinga wewe, unanitazama mimi tena? Kimbia!"

Nikavua viatu nikakimbia. Nilikimbia kwa nguvu zangu zote, lami inaniunguza nyayo, mdomo wazi, na nilipomkaribia kiasi cha kuona mgongo wake ndipo nikagundua kwamba lile swali lenyewe, maishani mwangu mwote, sijawahi kumuuliza mtu, na sijui linaanzaje.

Mkono wake wa kushoto ukashika gia.